Alama za Kuingia Jukwaani

Mwalimu wa Kwaya alikuwa mtu wa kutoa alama. Ukilijua hilo, mengine yote juu yake unaweza kuyakisia. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui na sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba mfuko wa shati lake ulikuwa na penseli iliyochongwa pande zote mbili, na kwamba hakuna kitu kilichopita mbele yake pale Tengeru bila kupewa alama juu ya mia. Mahubiri ya mchungaji: hamsini na nane. Harusi ya binti wa katibu wa usharika: sitini na moja, kwa sababu bibi harusi alitangulia wimbo. Mazishi ya jirani yake mwenyewe aliyapa sitini na sita, akasema marehemu angefurahi, maana alipokuwa hai na anaimba besi hakuwahi kufika hapo.

Alama hizo hazikuwa za kubahatisha. Miaka mingi alikuwa mwamuzi wa mashindano ya kwaya, na kwenye mashindano kila kwaya hupimwa kwa vipengele: kuingia jukwaani, mavazi, nidhamu, sauti, utamkaji, kutunza mapigo, na mwisho kutoka jukwaani. Wengine walikuja kusikiliza nyimbo. Mwalimu alikuja kuangalia watu wakiingia. Kwa mstari, mguu wa kushoto kwanza, viatu visivyogonga sakafu, macho mbele, na ole wako ukimtafuta mama yako kwenye mabenchi. Kwaya iliyoingia vibaya, kwake, ilikuwa imeshamaliza kuimba. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akiuza maziwa, alituambia siku moja kwamba hata yeye siku ya harusi yao alipewa alama. Tulipomuuliza ngapi, akacheka, akaendelea kupima maziwa.

Mimi nilijiunga na kwaya yake nikiwa na miaka kumi na tatu, sauti ya pili. Mwaka wote wa kwanza sikumbuki kuimba. Nakumbuka kutembea.

Alama ya juu kabisa aliyowahi kutoa ilikuwa sabini na moja, kwa kwaya moja ya upande wa Moshi, zamani, na jinsi alivyoisimulia ungedhani bado anajuta.

Sikio lake lilikuwa jambo lingine. Alitembea na kile chuma cha kutafutia sauti, chenye ncha mbili kama uma. Alikigonga gotini, akakiegemeza kwenye jino la juu, akafumba macho. Kisha akasema, "La," na la ikawa hiyo, watu wazima arobaini tukaipokea kama amri ya serikali. Aliweza kukuambia mashine ya kusaga ya sokoni inaimba fa. Jumatano moja ya soko alisimama mbele ya mashine hiyo, akamwambia mwenye nayo kwamba fa yake imeshuka. Mwenye mashine akamjibu kuwa watu wanakula unga, hawali fa. Wiki hiyohiyo mkanda ukakatika, na tangu hapo mwenye mashine akimwona Mwalimu anapita alikuwa akitoka nje na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama yuko sawa.

Kwa hiyo yeyote mwenye gitaa kati ya Tengeru na Kikatiti alilipeleka kwake kukazwa nyuzi. Walikuwa wachache, lakini walikwenda. Ajabu ni kwamba Mwalimu alichukia magitaa kwa moyo wake wote. Kwenye baraza la wazee wa kanisa alipinga gitaa kwa miaka tisa mfululizo, na hoja yake ilikuwa moja tu: "Gitaa ni la mtu aliyekosa wenzake wa kuimba nao." Halafu anarudi nyumbani, anakuta kijana amekaa barazani na gitaa lililolegea, anashindwa kuvumilia. Analikaza uzi kwa uzi, meno yameng'ata kile chuma, kisha analirudisha kwa mwenyewe amelishika kwa vidole viwili, kama mtu anayekurudishia mtoto aliyejikojolea.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Alihubiri kutunza mapigo, lakini kwenye mazoezi alifika saa nzima baadaye, akatukata alama sisi kwa kuzubaa nje. Alichukia kelele, na pikipiki yake ilikuwa imetoboka ekzosi tangu sijaanza kwaya. Sisi tulijua amekaribia akiwa bado yuko barabara kuu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilithubutu kumwambia kwamba pikipiki yake inaimba vibaya.

"Haiimbi," akasema. "Inasafiri."

Nilitoka kwaya nikiwa na miaka ishirini na moja. Nilinunua gitaa la mtumba na nikafanya kosa la kwenda nalo mazoezini, nikiwa na wazo kwamba akilisikia likisindikiza sauti ya pili angelainika. Alilitazama. Akanyoosha mkono, akalichukua, akalikaza nyuzi zote sita huku wanakwaya wote wamesimama. Kisha akanirudishia.

"Sasa liko sawa," akasema. "Chagua."

Nilikuwa mdogo na nina hasira, nikachagua gitaa. Nilitoka kwa mlango wa pembeni na nikaubamiza nyuma yangu mpaka chokaa ikadondoka. Nilidhani hilo ndilo tendo la kishujaa kuliko yote niliyowahi kufanya. Kanisani niliendelea kwenda, nikawa nakaa benchi la nyuma, lakini Mwalimu hakuniita tena jina langu. Nilipopata kazi miaka miwili baadaye kwenye duka la pembejeo pale sokoni, ambako nipo hadi leo, akaanza kuniita Muuza Mbegu. Alikuja kununua mbegu za kitunguu, tukasalimiana vizuri, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba Muuza Mbegu," na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia kwa miaka minane.

Katika miaka hiyo nikapata bendi. Tulikuwa watatu. Kwenye dramu alikuwa Lomayani wa Olasiti, ambaye kwao, magharibi ya Meru, walikuwa na ng'ombe na mahindi na hawakuelewa kwa nini mtoto wao anapiga ndoo. Besi alipiga Godlisten, Mchaga wa mjini, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilikuwa gitaa na sauti. Bendi tuliiita Mabati Mapya, kwa sababu jina hilo lilikuwa limeandikwa ukutani kwa baba yake Godlisten kwa herufi nyekundu na tuliona ni tangazo la bure. Tulipiga muziki wa roki, wa magitaa yanayokoroma, na tulijitambulisha kama bendi huru. Tulikuwa huru kweli. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetuita.

Albamu tuliirekodi Olasiti, kwenye stoo ya mjomba wake Lomayani, tumezungushia kuta magodoro na magunia ya mahindi ili sauti isirudi. Nyimbo tisa, siku mbili. Tulipofika wimbo wa nne mvua ikaanza. Bati la stoo lilikuwa la zamani na mvua ya Arusha haina adabu ya kusubiri mtu amalize ubeti. Kompyuta ilikuwa ya kuazima na inatakiwa kurudi jioni. Tukapiga hivyohivyo, mvua ikiwa ndani. Wimbo huo uliitwa "Ndoo Tatu". Ulihusu nyumba yetu ya utotoni iliyovuja mahali patatu, na mama alikuwa akiweka ndoo: moja upande wa kitanda aliolala baba, moja upande wake, moja mlangoni. Kila ndoo ilikuwa na mlio wake. Baba alipofariki, ndoo ya upande wake haikuhamishwa hata baada ya bati kuzibwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye wimbo, na nilidhani mji mzima utalia.

Mji ulikuwa na shughuli nyingine. Arusha kuna vijana wa kufoka mistari, kuna bongofleva, na kuna kwaya. Bendi ya magitaa makali ikisimama jukwaani watu wanajua jambo moja tu, kwamba hao ni wa sifa na kuabudu. Onyesho letu la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja, na tulipofika wimbo wa pili, ambao ulikuwa juu ya mpenzi aliyenidanganya, kina mama wa mbele walikuwa wameshanyoosha mikono juu na kufumba macho. Mmoja akaja mbele akapiga magoti, akimtaka Godlisten amwombee mguu. Godlisten akamwombea. Nilimuuliza baadaye kwa nini.

"Ulitaka nimwambie nini?" akasema. "Na mguu umepona, dada. Amenipigia simu mara mbili leo kunishukuru."

Redio moja ya mjini ilitukaribisha. Mtangazaji alisema albamu yetu ni ya kiwango cha kimataifa, akatuuliza tunatarajia kutoa lini albamu. Kwenye mgahawa wa kahawa wanakokaa wageni, kijana wa Kizungu aliyekuja kujitolea alitusikiliza hadi mwisho, akashika moyo, akasema muziki wetu unamkumbusha kwao. Alikuwa amepanda ndege mbili na kulipia viza ili aje akumbushwe kwao. Lomayani, aliyekuwa na matumaini kuliko sisi wote, alifupisha hali yetu tukiwa tunapakia dramu kwenye pikapu: "Oya, machalii wanatupenda. Sema hawatusikilizi."

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Kwenye usharika wetu, asiye na fedha taslimu huleta sadaka aliyo nayo: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, jogoo. Ibada ikiisha watu hukusanyika nje na mzee wa kanisa hunadi vitu hivyo. Anayenunua huweza kuchukua, au kumtunuku mgeni, au kurudisha vinadiwe tena. Jumapili moja mama yangu, bila kuniambia, alitia albamu yetu kwenye kapu la sadaka. Ilikuwa kwenye flashi ndogo nyeusi, ameifunga kwenye kipande cha kitenge.

Nilikuwa nimesimama nyuma nazungumza na watu. Jogoo alikuwa ameshauzwa, baada ya kuwika na Mwalimu kumpa alama arobaini. Mzee wa kanisa akafungua kitenge, akainua ile flashi kwa vidole.

"Hiki nacho ni nini?"

"Ni nyimbo za binti yangu," mama akasema, kwa sauti kubwa, kichwa juu.

"Za Injili?"

"Ni za nyumbani kwetu."

Mzee wa kanisa akanadi, maana kazi ni kazi. Hakuna mkono uliopanda. Akapunguza. Watu wakatazama viatu vyao, na mimi nikatazama vyangu. Nilikuwa nimeanza kusogea kuelekea getini niliposikia mtu akikohoa, na mkono uliopanda ulikuwa umeshika penseli.

Usharika mzima uliamini kwamba ameinunua ili aivunje. Hakumtunuku mtu, hakuirudisha kapuni. Aliitia mfukoni, akawasha pikipiki, na tulimsikia mpaka barabara kuu. Nilipompigia Lomayani kumweleza, alicheka sana.

"Dingi wa kwaya? Yule anayechukia magitaa? Atatupa ngapi?"

Na hapo, kwa aibu, nikagundua kwamba hilo ndilo swali langu pia. Mtangazaji alikuwa ametusifu, Mzungu alikuwa ameshika moyo, na hayo hayakunigusa. Nilitaka alama ya yule mzee. Ningefurahi hata na hamsini.

Alinisubirisha miaka sita.

Ripoti zilikuja siku za soko, juu ya kaunta, kati ya mbegu za kitunguu na dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Hakuwa na simu ya kusikilizia nyimbo, alikuwa na simu ndogo ya kitochi. Albamu aliisikiliza kwenye sabufa ya mwanawe, na kwa kadiri nilivyoelewa, aliisikiliza mstari kwa mstari. Miezi mitatu ya kwanza alikuwa bado wimbo wa kwanza.

"Muuza Mbegu, nani anaimba sauti ya tatu? Ana mafua makali. Mpumzisheni."

"Mwalimu, hiyo siyo sauti ya mtu. Ni gitaa. Kuna kidude tunakanyaga, kinalikoroga."

"Mnalikoroga kwa makusudi?"

"Ndiyo."

Akaandika kitu kwenye daftari. "Nidhamu," akasema, akachukua mbegu zake akaondoka.

Mara nyingine alinikuta na wateja watano, akasubiri wote wasikilize, ndipo akauliza kwa nini kijana wa dramu anaanza kabla hajaambiwa. Nikasema ndivyo anavyopiga. Akasema ameliona hilo, anauliza kwa nini. Mkulima mmoja wa nyanya, mtu asiyemjua Lomayani kabisa, akaniambia nimkanye huyo kijana.

Wimbo wa nne ulimchukua mwaka mzima. Siku aliyoufikia alikuja Jumatatu, ambayo siyo siku ya soko, na hakununua kitu.

"Wimbo wa nne kuna mmoja anatunza mapigo kuliko nyote. Hapandi, hashuki, hajionyeshi. Ni nani huyo?"

Nikafikiri sana. "Mwalimu, wimbo wa nne... hiyo ni mvua."

"Mvua?"

"Ilinyesha tukiwa tunarekodi."

Alinitazama kama ninayemficha mtu. "Hiyo mvua imefundishwa," akasema, na mpaka anatoka hakukubali vinginevyo.

Nilicheka kwa siku mbili. Lakini wiki ile ile Godlisten alitupa taarifa kwamba baba yake amemkabidhi duka na hatapata tena nafasi ya besi. Mwaka uliofuata Lomayani akapata leseni na kazi ya kuendesha watalii porini, akawa anarudi mjini akiwa na vumbi na usingizi. Hatukugombana. Bendi haikuvunjika, iliacha tu kukutana. Gitaa langu nililitundika stoo dukani, juu ya magunia ya mbolea. Nilipopiga hesabu ya watu waliobaki duniani wakisikiliza albamu ya Mabati Mapya, nilimpata mmoja, na alikuwa mtu anayechukia magitaa. Siku za soko nikaanza kuwahi kazini. Nilijiambia ni kwa ajili ya wateja, lakini masikio yalikuwa yanatafuta ile ekzosi.

"Mwalimu, umefika wapi?"

"Wa saba. Unatamka vizuri. Ule ubeti wa mwisho umeumeza."

"Si unipe tu alama? Hata za nyimbo saba."

"Matokeo hayatoki mpaka vipengele vyote vijazwe. Nipe kabichi, ile ya mwaka jana ilikuwa ya uongo."

Kisha usharika ukamstaafisha. Sherehe ilikuwa nzuri. Walimvisha shuka la Kimasai, wakampa cheti chenye fremu na mbuzi. Siku hiyohiyo wakazindua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, unabonyeza kitufe na mapigo yanajipiga yenyewe. Mwalimu aliombwa kukiombea. Alikaribia, akabonyeza kitufe, akasikiliza ngoma zile dakika nzima huku watu wote wamesimama, akabonyeza tena zikanyamaza.

"Hakosei," akasema kwenye kipaza sauti. "Maskini."

Akarudi akakaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ya kuaga, baada ya miaka yote ile, na wengi walidhani amekisifu kinanda. Mimi niliinamisha kichwa kwenye benchi la nyuma na roho iliniuma. Wiki chache baadaye nikasikia amehamia Kikatiti kwa mwanawe, na kwamba kuna kanisa dogo la mtaa kule amepata watu wa kuwafundisha. Ekzosi haikusikika tena sokoni. Nikajiambia basi, alama zangu zimekwenda naye, na nikashangaa jinsi nilivyokuwa na uchungu, mtu mzima, kwa ajili ya namba.

Ujumbe ulikuja na mama mmoja mteja, muuza vitunguu wa Kikatiti. Alisimama mbele ya kaunta akausema kama alivyoukariri: "Mwalimu anasema Jumamosi saa tisa mchana, kanisani. Anasema uje na viatu visivyogonga."

Nilikwenda na raba. Kanisa lenyewe lilikuwa la matofali yasiyopigwa lipu, karibu na barabara ya Moshi, na kila lori lilipopita madirisha yalitetemeka. Mafungu ya mahindi na maboga yalikuwa yameshapangwa mbele kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kesho yake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua sana, shati limekuwa kubwa, penseli mfukoni. Wanakwaya walikuwa kumi na mmoja, wengi ni kina mama wa umri wa mama yangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa pale. Usiongee."

Akagonga kile chuma gotini, akakipeleka kwenye jino. Akatoa la. Na wale kumi na mmoja, bila gitaa, bila besi, bila dramu, wakaimba "Ndoo Tatu".

Walianza na mvua: wazee watatu wa besi wakigonga vidole kwenye benchi, sawasawa, hawapandi hawashuki. Sauti ya kwanza wakaleta ndoo ya baba, tone kwa tone. Besi wakaleta ndoo ya mlangoni. Katikati, pale inapotakiwa kusikika ndoo ya mama, hawakuimba kitu. Walifumba midomo wote wakasubiri, na Mwalimu aliendelea kuhesabu kwa penseli kama vile kuna mtu anaimba, kisha wakaendelea. Kila ubeti hivyohivyo. Maneno yangu, niliyoyaandika nyuma ya karatasi za mbegu, yalikuwa kwenye vinywa vya watu nisiowajua, na hakuna aliyemeza hata neno moja.

Walipomaliza nilikuwa nimeshalowa machozi mpaka shingoni. Mwalimu akanisukumia daftari. Lilikuwa daftari la shule, la kurasa nyingi, na ndani albamu yote ilikuwa imeandikwa kwa penseli kwa nota za do-re-mi, nyimbo zote tisa, kila sauti mstari wake. Gitaa alikuwa ameliandikia "Sauti ya 3, mgonjwa". Kwenye wimbo wa nne kulikuwa na mstari wa ziada, umeandikwa "Mvua", na makosa yote ya Lomayani yalikuwepo, hakurekebisha hata moja.

"Hapa katikati mbona hawaimbi?" nikauliza.

"Kikatiti hapana mtu wa sauti ya pili," akasema. "Fungua mwisho."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na vipengele. Mavazi: alikuwa ameandika "hayasikiki". Nidhamu, sauti, utamkaji, mapigo, vyote vimejazwa, na vilikuwa vya juu kuliko nilivyowahi kuona mtu akipewa. Kutoka jukwaani: sifuri.

"Sifuri, Mwalimu?"

"Uliubamiza mlango."

Miaka kumi na sita ilikuwa imepita. Kuingia jukwaani palikuwa wazi, nukta tupu, na chini yake jumla nayo ilikuwa tupu.

"Hapa si ungeparuka tu? Hii ni albamu, Mwalimu. Kwenye albamu hakuna mtu anayeingia."

"Ndiyo maana nimeshindwa kuifunga," akasema. Akachomoa penseli mfukoni, akaitazama ncha, akageuza upande uliochongwa vizuri zaidi. Kisha akaonyesha mlango wa pembeni kwa kidevu.

Nikatoka nje. Nilisimama juani kando ya ukuta, lori likapita. Nikapangusa uso. Nikaweka macho mbele, nikaingia, nikatembea kuelekea pale walipokuwa wameacha nafasi, kati ya kina mama wa sauti ya kwanza na wale wazee wa besi.

"Elinami," akasema. Jina langu la ubatizo, kamili, kama alivyokuwa akiliita kwenye rejista. Nikageuka. Alikuwa amekunja uso. "Umeanza na mguu wa kulia. Rudi nje, uingie upya."

Nikarudi nje. Nilipochungulia mlangoni, wale kumi na mmoja walikuwa bado wamesimama wamefumba midomo, na wazee wa besi walikuwa wameshaanza mvua.